Boti Iliyopita Machimboni

Boti ya utafiti iliingia mjini kwetu ikiwa juu ya lori, njiani kwenda Ziwa Rukwa. Mji wetu, kaskazini mwa Mbeya, ulianza kufa dhahabu ilipokwisha, na kwa miaka mingi sikumbuki mgeni aliyelala hapo kwa kupenda. Wanawake wakaipokea kwa vigelegele, wakatandika khanga hadi uwanja wa kanisa. Mzee mmoja, mchimbaji wa zamani, alimwambia dereva kwamba bahari ameiacha Dar es Salaam, ageuze. Watu walicheka, nilikuwa nimesahau kwamba bado wanaweza.

Shangazi yangu hakucheka. Nilikuwa nimetoka Iringa kumjulia hali, nikamkuta amechinja jogoo kwa ajili ya wageni. Mumewe alifunikwa na maji katika shimo la zamani na mwili haukupatikana. Kwa desturi ya ukoo wetu, badala ya mwili uliokosekana huzikwa shina la mgomba, ndipo matanga yaanuliwe. Ukoo ulimsihi, alikataa kuzika mti huku mwenyewe yumo chini ya miguu yetu. Sasa alikuwa amesikia kwamba boti hii huona chini ya maji.

Wageni walipokwisha kula, alipiga magoti mbele ya kiongozi wao akamuuliza kama ni kweli. Yule bwana alijibu kwa fahari kwamba hata tope la chini kabisa chombo chao cha kupimia hulichora.

“Basi, baba, kesho mtaanzia kwetu.”

Kiongozi aliponigeukia kwa mshangao, nilimweleza habari za shimo. Alieleza, kwa upole sana, kwamba chombo kimefungwa tumboni mwa boti, na boti haiwezi kupita kwenye mdomo wa shimo. Shangazi alimshukuru, akamwongezea nyama.

Asubuhi aliwasindikiza pamoja na wanawake wenzake, akiimba. Lori lilipopotea vumbini, wengine walitawanyika. Yeye alibaki akikung’uta khanga yake, akaikunja polepole.

“Ukifika Mbeya,” alisema, “agiza mgomba Tukuyu. Huku kwetu ni vijiti tu.”

Nikaitikia.

“Wachague mrefu. Mwenyewe alikuwa mrefu.”