Siku Nilipoburuta Majina ya Utoto Ukutani

Wenzangu, aibu hii naisema mwenyewe kabla hamjaisikia sokoni Ruangwa, maana watu wa kule ukiwapa habari ya kuku wao wanairudisha ya mbuzi.

Mjukuu wangu Zuhura, mtoto wa binti yangu Mwanahawa, alitengeneza programu ya kompyuta ya kutunza picha na majina ya wakulima wa kikundi cha ufuta cha Mandawa. Wakiikubali anapata kazi, wakiikataa anarudi Dar kukaa tena kwa shemeji yake. Mwanzoni kuingiza picha moja ilikuwa safari, bonyeza hapa, fungua pale, tafuta, bonyeza tena, nikamwambia, "Mke mwenzangu, hii si kazi, ni adhabu. Kwa nini nisiikamate picha nikaitupia humo kama kuni jikoni?" Akacheka, lakini siku tatu baadaye akaja nayo: unaibana picha kwa kipanya, unaiburuta mpaka ndani ya programu, unaachia, na jina uliloipa picha linatokea chini ya sura ya mtu. Basi nikajiona fundi (darasa la tatu langu lile msilidharau).

Picha alishazipiga, majina hakuyajua. Akaniuliza mimi, kwa sababu nilizaliwa Mandawa kabla ya kuolewa huku Chiola, na jina la mtu halinipotei. Nami kwa akili zangu nyingi nikaona nijichekeshe kidogo, wanaume saba nikamtajia majina yao ya utoto. Kwetu mvulana akitoka jandoni anapewa jina jipya, la zamani linabaki huko porini, ukimwita nalo ukubwani umemvua nguo. Zuhura amekulia Dar, angejuaje? Akaandika. Nikasema kesho nitamwambia abadilishe. Kesho yake nikaenda kupepeta ufuta, na mimi nisiyesahau kitu nikasahau.

Siku ya mkutano, Mandawa, ukumbi umejaa, Zuhura akaniita mbele, eti bibi akiweza nani atashindwa? Kompyuta imeunganishwa na taa ile inayotupa picha ukutani. "Bibi, buruta yako tu," akaninong'oneza. Nikaburuta, nikaachia, huyo Fatuma binti Saidi ukutani, kanuna. Makofi! Ningekaa hapo, leo ningekuwa mtu wa heshima. Lakini mtani wangu Agnesi, Mmakonde wa Nambilanje (watani hawa hawana likizo), akapaza sauti, "Moja tu? Hata kuku kipofu hudonoa punje moja!"

Mimi nishindwe na Agnesi? Nikaibana folda nzima, ile yenye picha za wote.

"Bibi, hapana!"

Nimeshaachia.

Sura zikajipanga ukutani. Mwenyekiti wetu Hamisi, koti na baraghashia, chini yake: CHITUMBO. Katibu Rashidi: KAMASI. Mzee Bakari, aliyekwenda Maka juzi tu: SINANGUO. Wake zao wakaanza kucheka, maana maskini miaka yote hiyo wameyatafuta majina hayo hawakuyapata.

Mwenyekiti akasimama. "Shangazi Fatuma, nina wajukuu humu ndani."

"Futa, mke mwenzangu, futa!" nikamwambia Zuhura.

"Kuburuta kuingiza nimeweka, Bibi," akasema. "Kutoa bado."

Basi nikakimbia kuziba ukuta kwa kanga yangu (wazo zuri sana), na Chitumbo akahama ukutani akaja kukaa kifuani pangu, nageuka huku na yeye anageuka, mpaka Agnesi akaanguka kwenye benchi kwa kicheko. Hamisi akafunga mkutano. Zuhura alilia njia nzima hadi Chiola.

Kesho yake nilirudi, nikapita nyumba saba kuomba radhi. Hamisi aliniacha nimesimama uani mpaka uji wake ukaisha, ndipo akasema, "Kosa ni la mdomo wako, Shangazi, si la mashine ya mtoto." Wakaikubali kwa masharti mawili: kila mtu ataje jina lake mwenyewe, na programu iulize kabla ya kupokea kitu. Zuhura kazi amepata.

Mimi nimeapa, jina lililoachwa jandoni nitazikwa nalo. Programu sasa inauliza, "Una uhakika?" Watu wanajibu ndiyo wanapita. Ni mimi peke yangu niliyekatazwa hata kujibu.