Salamu Zinaishia Mlangoni

Kila asubuhi, kabla hajafungua kufuli la kliniki, Sista Bertha alitusalimia wote pale nje. Si salamu za juu juu. Alipita kwenye benchi kwa mtu mmoja mmoja, akakushika mkono, akauliza umelalaje, watoto wazima, mpunga umeshika, na yule ndama aliyekuwa anaharisha vipi. Kwa wazee alipiga goti. Mtu akiwa wa kwao Iringa alimalizia na "Kamwene." Hakuwa na haraka kabisa. Akishafika mwisho wa benchi ndipo anatoa ufunguo na kusema, "Haya, salamu zinaishia hapa mlangoni. Humo ndani mdomo nao ulale."

Naandika habari zake kwa sababu hapa Ubaruku watu wanasema aliondoka kwa kiburi. Kiburi! Mimi nilikuwepo, nimelala kwenye kiti, sindano miguuni, macho wazi.

Tulimwita Sista kwa sababu alikuwa nesi. Tiba ya sindano alifundishwa na madaktari wa Kichina, na alipoacha kazi ya hospitali alikuja huku kwenye majaruba kwa ajili ya migongo yetu. Anayepandikiza mpunga anainama tangu asubuhi mpaka jioni, miguu ndani ya maji. Mimi nilianza nilipoacha shule, darasa la sita, na sijafika hata miaka kumi na saba bega la kulia lilikuwa haliinuki kufika kichwani. Nilishindwa kusuka nywele zangu mwenyewe.

Mzee Liberatus, mwenye mashine ya kukoboa, alimpa Sista stoo ya jirani na mashine. Alimpa bure, hilo nalisema, nisije nikaambiwa mwongo. Ila cha bure cha Mzee Liberatus kina mkia mrefu.

Ndani kulikuwa na viti vya uvivu, vya mbao na viroba, vimezunguka ukuta. Hakuna pazia wala kitanda. Unavua viatu, unakunja nguo mpaka magotini na mikono mpaka kwenye viwiko, unalala. Mgongo ukiuma, anakuchoma mguuni na mkononi, au hata sikioni. Siku ya kwanza nilicheka. "Sista, bega liko huku."

"Na swichi ya taa unaibonyeza kwenye balbu?" akanijibu.

Sindano zenyewe nyembamba kama unywele, kila mtu na zake mpya, zikitoka zinaingia kwenye boksi la kutupwa. Akikumaliza wewe anahamia kwa jirani yako, wewe unasinzia, na ukiona imetosha unamwita kwa macho. Kwa hiyo mtu mmoja alihudumia chumba kizima, na ndiyo maana bei ilikuwa yetu. Kulikuwa na kopo mlangoni. Unaweka kuanzia buku mpaka elfu tano, unavyojipima mwenyewe, na yeye hageuki kuangalia.

"Mgongo haukuharibika siku moja," alisema. "Utarudi mara nyingi. Nikikutoza bei kubwa utakuja mara moja, halafu utatangaza sindano hazifai."

Kuna waliopona, kuna ambao hawakupona. Mama Faustina, Sista alimwambia wazi, "Hii si ya kwangu, nenda ukapigwe picha," akamsindikiza mwenyewe mpaka kwenye gari.

Na ile sheria ya kutosalimiana ilitokana na adabu yetu wenyewe. Huku mkubwa akikusalimia hujibu umelala. Unainuka, na mwanamke anapiga goti. Sasa apige goti na sindano gotini? Mzee Liberatus alielezwa hayo mbele yangu. Akacheka. "Kwa hiyo hata mimi?"

"Hata wewe, baba. Nitakusalimia mara mbili hapa nje."

Siku ile ya mwisho Mzee akaja na wageni wawili kutoka Mbeya mjini, anawaonyesha kliniki yake. Yake! Akasukuma mlango.

"Hodi!"

Sista alikuwa ameinamia sikio la Yohane, fundi baiskeli. Akaweka kidole mdomoni.

"Hodi humu ndani!"

Mgeni mmoja akachekea puani. "Mzee, kwako hapa hawakujui?"

Hapo ndipo sura ilipombadilika. Akatutazama mmoja mmoja mpaka akampata wa kumwonea, Bibi Apolonia, umri wa mama yake mzazi, aliyejengewa kibanda kwenye kiwanja cha huyo huyo Mzee. "Apolonia. Na wewe hunioni?"

Bibi akashika mikono ya kiti. Sista akaruka, "Bibi, usi—" Lakini goti lilishafika sakafuni.

Hakulia. Alisema, "Kamwene, baba." Sista alipoichomoa ile sindano ilikuwa imepinda kama ndoana, na damu ikateremka mpaka kwenye kifundo cha mguu.

"Umeona?" Sista akamwonyesha.

"Ningejuaje mimi?"

"Ulijua. Nilikuambia."

"Wewe kwenu hamfundishwi salamu?" Sasa anapiga kelele. "Waombe radhi wageni wangu! Na kuanzia leo mtu akiingia humu, anasalimiwa. Nyumba ni yangu."

"Waliolala je?"

"Wainuke."

"Na sindano zao?"

"Si utawachomoa? Kazi yako ni nini?"

Nilingoja. Nilisema moyoni, chumba hiki kizima, watu wazima hawa, migongo yote aliyoinyoosha huyu mama, atatokea mmoja. Yohane akakohoa. Halafu akasema, na sikio lake limejaa sindano, "Shikamoo, mzee." Mama wa kiti cha pili naye, "Shikamoo." Ikazunguka ukuta hivyo hivyo, na Mzee Liberatus anapokea, "Marahaba. Marahaba," kama padri anayegawa baraka. Hasira ile ninayo mpaka leo.

Sista alimfunga Bibi Apolonia goti kwa kitenge chake. Kisha akatuchomoa sindano mmoja mmoja, taratibu, pamba juu ya kila tundu, akainama kukagua chini ya viti isije ikabaki moja ya kumchoma mtoto. Aliponifikia nilimuuliza kwa sauti ndogo, "Kesho, Sista?"

"Bega likandwe na maji ya moto," akasema. Basi.

Akachukua boksi la sindano zilizotumika, akavaa viatu. Nje benchi lilikuwa limejaa wa zamu ya pili, na hawakujua lolote. Wakainuka kwa furaha. "Shikamoo, Sista!" "Kamwene!" Mikono imenyooshwa kwake.

Hakushika hata mmoja. Alipita katikati yao, akapita lundo la pumba, akaingia barabarani na boksi lake kwapani, wala hajarudi.