Mwezi Ambao Sikuufunga

Katika mwezi wa tatu wa eda yangu nilikaa siku mbili mbele ya kompyuta ya marehemu mume wangu, nikihangaika na majaribio ya programu yasiyotaka kuisha.

Nilisoma mpaka kidato cha nne, na hisabati nilifeli. Machache niliyoyajua ya programu niliyaokota kwa kukaa ubavuni mwake nikichambua mchele huku yeye akiandika. Programu yenyewe ilikuwa ndogo. Kazi yake ilikuwa kuhesabu siku za mwezi mwandamo, kutafuta bamvua, yaani siku ambazo maji hupwa mbali kabisa, kisha kuwatumia ujumbe wanawake wa kikundi chetu cha mwani. Sisi tunaokaa pwani hatuihitaji. Lakini nusu ya kikundi wanatoka mashambani, kupita Nangurukuru. Wakishuka wakati maji yamesharudi, mwani wao unabaki kwenye kamba mpaka unakatika na kuondoka.

Tangu afariki hakuna ujumbe uliokwenda. Kikundi kiliona haya kuniuliza. Jumatatu ile wakamtuma wifi yangu, dada wa marehemu, aliyekuwa akikaa nami. Nikasema ujumbe utafika kabla ya bamvua ya Alhamisi. Nilisema haraka, kabla sijafungua kompyuta.

Mume wangu alikuwa na sharti moja: ujumbe hauendi mpaka majaribio yapite. Majaribio ni vipande vifupi alivyoviandika kuiuliza programu maswali ambayo majibu yake tunayajua. Vilikuwa sita. Yeye akibonyeza, mistari sita ya kijani ilitoka kabla hajameza mate. Mimi nilipata mitatu, kisha kimya. Feni ikaanza kuvuma. Nikasubiri mpaka adhana ya alasiri, nikaikatisha, nikaanza tena. Ikawa vilevile.

"Wifi," alisema dada mtu kutoka uani, "hiyo kompyuta unapikia nini? Mbona inachemka kuliko jiko langu?"

"Haitaki kusimama."

"Basi kweli ni ya kaka yangu. Naye akianza kusema, umsimamishe nani?"

Tulicheka. Mimi nilicheka kidogo, nikaona vibaya, halafu nikacheka tena.

Jumanne nikakumbuka alivyonifundisha: ukikwama, endesha moja moja. La kwanza likapita, la pili, la tatu. La nne ndilo liliganda. Hilo lilikuwa likisoma faili ya miezi, ambamo kila mstari ni mwezi mmoja na idadi ya siku zake, ishirini na tisa au thelathini. Idadi hiyo haijulikani mpaka watu wauone mwezi, kwa hiyo aliiandika kwa mkono kila ulipoandama. Nikaongeza amri ya kuonyesha kwenye kioo siku inayohesabiwa. Zikaanza kumiminika: ishirini na nane, ishirini na tisa, thelathini, thelathini na moja. Nilipoikatisha ilikuwa imepita mia tisa, bado ndani ya mwezi uleule.

Niliujua mwezi huo kabla sijaangalia jina lake.

Mume wangu alifariki tarehe ishirini na saba ya mwezi huo mwandamo. Asubuhi hiyo alikuwa ameandaa mstari wa mwezi, akaweka sifuri mahali pa idadi, kama alivyozoea, akingoja mwandamo. Programu ilikuwa ikihesabu mpaka siku ilingane na idadi, na hakuna siku ya kulingana na sifuri.

Ningeweza kuandika kwamba sikuiona sifuri hiyo. Niliiona. Miezi iliyofuata niliijaza mwenyewe chini yake, kila wifi aliponiambia umeandama. Ule mmoja niliuruka. Ndicho kitu cha mwisho alichokiandika, nami sikutaka kidole changu kipite juu yake. Sikufikiri kwamba watu wa mashambani wangekosa bamvua kwa sababu hiyo.

Nikamwita wifi. "Mwezi ule wa msiba uliishia siku ya ngapi?"

Alikuwa akikuna nazi. Akaacha. "Ishirini na tisa. Watu walikuwa wanatoka kwenye hitima wakauona mwezi mpya. Nilikuwa naosha masufuria, nikasikia wanaitana. Kwani hukuambiwa?"

"Pengine niliambiwa."

"Uliambiwa," alisema. "Nilikuambia mimi. Hukujibu."

Nikafuta sifuri, nikaandika 29. Nikaendesha majaribio yote. Mistari sita ya kijani ikatoka, moja kwa moja, na feni ikanyamaza. Nilikuwa nimekaa nikiwa nimekaza mabega tangu jana na sikujua mpaka yalipolegea.

Kabla ya kutuma nikaongeza sharti langu mwenyewe: hesabu ikipita thelathini, isimame na iseme ni mwezi gani haujajazwa. Nikaandika na jaribio lake, la saba. Likapita mara ya tatu, baada ya kurekebisha makosa yangu mawili. Kisha nikatuma.

"Umeizima?" wifi aliuliza.

"Imesimama yenyewe."

Jibu la kwanza lilitoka kwa mama mmoja wa mashambani: Tumepata, Alhamisi tunashuka. Nilimsomea wifi kwa sauti. Akaniambia nije nichuje tui, maana yeye mikono imechoka, na mimi siku mbili nzima sijashika kitu jikoni.