Sikio la Mama Emerance

Wifi yangu Emerance anauza ndagala, dagaa wa ziwa letu, sokoni Kalemie, na kwa hilo hana tofauti na wanawake wengine wengi wa mji huu. Tofauti yake ni sikio. Aliongoza kwaya ya parokia yetu tangu kabla sijaolewa na ndugu yake. Mwimbaji mmoja akiteleza nusu sauti, yeye hakugeuka kumtafuta. Alimtaja jina huku mkono wake ukiendelea kupiga mapigo. Mimi alinitoa soprano akanihamishia alto mbele ya watu wote, wiki yangu ya kwanza, na sikumsamehe upesi.

Sikio hilo ndilo lililompeleka Kabobo. Kabobo ni mlima ulio kaskazini ya mji, juu ya ziwa, na huko juu kuna msitu. Ukiutazama kutoka kwenye mtumbwi wa mota unaona kisiwa: pande zote ni majani makavu na mashamba ya mihogo, halafu ghafla miti, baridi na ukungu. Wapo ndege wanaoishi juu ya kisiwa hicho na hawavuki majani kwenda kokote. Mmoja ni mdogo, wa kijivu, mkia mrefu, na dunia nzima hana kwao pengine.

Emerance alimjua siku alipoajiriwa kuwapikia watu waliopanda kutafuta ndege. Mmoja wao, mwalimu anayeitwa François, alimkuta jioni moja amesimama na mwiko mkononi, bugali inaungua, yeye anasikiliza juu. Akamweleza kwamba wale ni wawili. Dume anaanzisha kwa sauti kavu, ya chini, anairudia rudia. Jike anaingia juu yake, sauti nyembamba sana, kabla dume hajamaliza. Emerance alirudi nyumbani akiwaimba wote wawili. Jikoni alitufundisha kama anavyofundisha wimbo wa Pasaka, mimi nikiwa dume, yeye jike, na nikichelewa alinigonga kwa kijiko.

Basi kila wageni walipokuja kumtafuta ndege huyo, Papa Urbain, mlinzi wa msitu, alimpigia simu. Emerance aliacha meza ya ndagala kwa jirani, akapanda mtumbwi. Mlimani alitangulia mbele, na aliposikia wawili wameitana aliinua kidole. Hapo kila mtu alisimama, hata kama amekanyaga siafu. Hakuna aliyeuliza mara ya pili.

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, alirudi kutoka mlimani. Aliketi kwenye kizingiti cha nyumba yetu, hakutaka maji wala chai.

"Clémence," akasema, "jike haijibu."

Nilimuuliza jike gani.

"Kale kandege. Dume inaita, inangoja, inaita tena. Hakuna kitu. Tumezunguka mlima muzima, njo vile vile kila mahali. Bajike bamekwisha."

Kila mtu anajua mashamba yanavyopanda mlima ule, na wachoma makaa wanavyoutafuna msitu kutoka chini. Dume bila jike ni ndege aliyebakiwa na maisha yake mwenyewe tu. Papa Urbain naye alikubali kwa simu kwamba Mama Emerance amesema, na Mama Emerance akisema ndege hayupo, hayupo.

Niseme kweli, mwanzoni nilimcheka. Alipeleka nia kanisani, na padri akamwombea ndege wa Kabobo katikati ya wagonjwa na wasafiri bila hata kupepesa macho. Mume wangu alinikanyaga mguu nisicheke kwa sauti. Lakini wiki zilivyopita kicheko kiliniishia. Emerance alikonda. Usingizini, binti yake Viviane aliniambia, alikuwa akiimba ile sauti ya chini peke yake na kunyamaza mahali pa kujibiwa.

Na ukali nao ukamzidi. Kwenye mazoezi aliwaandama soprano. "Munakula maneno," aliwaambia. "Mumeweka bugali kwenye kinywa?" Ketsia, msichana mwenye sauti bora tuliyo nayo, alirudishwa mstari ule ule mpaka machozi yakamtoka, akaacha kwaya. Mimi nilimsikia Ketsia vizuri, kila neno. Ila nilijiambia kwamba mtu wa alto hawezi kubishana na sikio lile, nikafunga mdomo.

Mwaka huu, mvua zilipokwisha, Emerance akanifuata tena.

"Wifi, twende Kabobo. Nataka muntu wa kwetu aisikie mbele haijaisha. Siku moja tutasema ilikuwako na hakuna atakayesadiki."

Mimi si mtu wa kupanda milima. Miguu yangu ni ya sakafu ya simenti, na ninamwogopa siafu kuliko mamba. Nilitaja kazi, nikataja goti, nikataja watoto. Alinitazama tu. Nikaenda kufunga mzigo, nikinung'unika hadi mtumbwini, na ndani ya mtumbwi nikaendelea.

Papa Urbain alitupokea ufukweni na tukapanda naye. Sitasimulia mwinuko ule, nitakasirika upya. Huko juu alituketisha ukingoni mwa bonde, mahali ambapo miti imesimama chini yako na vichwa vyake vinalingana na macho yako, kiasi kwamba huhitaji kukunja shingo. Emerance alivua kitambaa kichwani ili kisimzibe sikio. Tukangoja. Baridi ilinipenya, na nilianza kufikiria chai, mara dume akaanza.

Nilimtambua mara moja. Ilikuwa sehemu yangu, ile ya jikoni.

Emerance alifumba macho. "Unasikia?" akaninong'oneza. "Peke yake."

Na juu ya neno lake, wazi, nyembamba, mahali pake hasa, jike akajibu.

Nilimgeukia wifi yangu nikitegemea kuona kidole kimeinuka. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani. Dume akaita tena, jike akajibu tena, na yeye akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikiliza habari ya msiba anaoujua tayari. Nikafikiri nimekosea, kwamba ni ndege mwingine. Nikanyanyuka nikijifanya nanyoosha goti, nikamsogelea Papa Urbain nyuma ya mti.

"Papa Urbain, wewe unasikia nini?"

Alitazama viatu vyake. "Mama Clémence, mi nasikia kengine kako juu, kanajibu. Tangu mwaka jana nasikia. Lakini Mama Emerance alisema jike hakuna. Nikajua njo mi sijue, si yeye."

Nilitamani kumtikisa mabega. Halafu nikamkumbuka Ketsia, nikakosa wa kumtikisa. Tulikuwa tumempa yule mwanamke masikio yetu yote, kila mtu akabaki hana ya kwake. Nikakumbuka na mengine, yote ya sauti nyembamba: simu iliyolia mkobani mwake sokoni mpaka jirani akamgusa, na ile jioni aliposema mtaa wetu umekuwa mzuri, nyenje wamehama. Nyenje hawajahama. Wanatupigia kelele kila usiku.

Nilirudi nikaketi karibu naye, na hapo niliogopa kweli. Nikinyamaza, atashuka mlima huu akiwa mjane wa ndege aliye hai. Nikisema, nitamnyang'anya kitu pekee ambacho maisha yake yote watu wamemheshimia. Sina mume mwingine wa kunipa wifi mwingine, na huyu, pamoja na ukali wake wote, ninampenda.

Papa Urbain ndiye aliyewaona. Walikuwa wametoka kwenye majani, wawili, kwenye tawi moja tupu lililotuelekea. Nikachukua darubini yake nikaielekeza, kisha nikaiweka machoni pa Emerance na kumshika kiwiko.

"Iko wawili," akasema.

"Wawili, wifi."

"Ile moja njo dume." Dume alikuwa akiita. "Na hii ingine..."

Nilijua anachokiona, kwa maana hata mimi bila darubini niliona mkia ukitetemeka. Jike alikuwa ameinua kichwa, mdomo wazi, koo lake dogo linapiga kwa nguvu zake zote. Sauti yake ilinijaa masikioni. Emerance alitazama lile koo muda mrefu. Aliondoa darubini, akasikiliza hewa tupu, akairudisha tena.

"Clémence. Inaimba?"

Nilishika kiwiko chake kwa nguvu zaidi. "Inaimba, wifi."

"Sasa hivi? Wakati mi natazama?"

"Sasa hivi. Inaingia mbele ya dume kumaliza, vile vile ulivyotufundisha."

Akamgeukia Papa Urbain. Yeye, maskini, aliinamisha kichwa na kusema ndiyo kwa sauti ambayo nina hakika Emerance hakuisikia, lakini kichwa alikiona.

"Na kule kwengine? Upande wa mto?"

"Kule pia, Mama. Kila mahali. Bako wengi."

Nilijiweka tayari. Nilidhani atakasirika, kwa maana hasira ndiyo tabia yake, au atakana, atasema sisi ndio viziwi. Aliweka darubini mapajani, na bonde likaendelea na nyimbo zake, wawili hapa, wawili kule, hata ng'ambo ya pili. Machozi yalimshuka na hakuyafuta. Mimi yangu niliyafuta kwa kitambaa chake.

Mwisho alinishika mkono, akaubana mpaka ukaniuma.

"Basi si kandege, njo mimi," akasema. "Mungu asifiwe, njo mimi."