Kucha ya Kidole Kidogo

Harufu ya rangi ya kucha hunirudisha nyumbani hata leo, hapa sokoni Makambako, binti huyu anayepaka watu kucha anapofungua vichupa vyake vya bei ya chee.

Mama alikuwa na viwili vya namna hiyo, chekundu na cheupe. Baridi ya Njombe ilikuwa imevigandisha. Asubuhi aliyokwenda kulazwa hospitali ya Lugarawa alivibana kwapani vipate joto, akanipaka kucha zote nyekundu, kisha kwa njiti ya kiberiti akaweka nukta nyeupe kwenye kila moja.

"Kabla haijabanduka nitakuwa nimerudi," akasema.

Basi nikailinda. Vyombo nilikwepa kuosha. Ugali nilikula kwa kijiko, watu wa nyumbani wakanicheka, "Tumepata mzungu humu ndani."

Halafu siku moja shangazi, dada yake baba, akanikamata mkono, akaanza kunikwangua kwa wembe. Nikalia, nikamwambia mama bado hajarudi.

"Nyumba ya msiba haikai na kucha nyekundu," akasema, akaendelea kukwangua.

Hivyo ndivyo nilivyoambiwa. Baba alisimama mlangoni akitazama nje. Nawataja hao wawili, wasije wengine wakasingiziwa kunipa habari kwa namna hiyo.

Kidole kidogo nilikificha mdomoni. Nukta yake ilibaki, ikawa inasogea mbele kadiri kucha ilivyokua. Nilikataa kukatwa, mpaka ikamegeka yenyewe nikichimba viazi.

"Nikupake vidole vyote, mama?" binti ananiuliza.

"Hicho kidogo tu."