Aron na Salamu Zisizojibiwa

"Mama Chemutai, huyu Aron wenu ana kiburi? Nimemsalimia, hata salamu yenu ya 'chamgei' hakuijibu!" Priscillah, jirani yangu, aliniuliza hivyo mwaka wa tisini na sita.

Nilikuwa nimechoka kumtetea shemeji yangu. Miaka mingi kiwandani alisimama kando ya mashine za kukata majani ya chai, na vizibo vya masikio vikining'inia shingoni, kwa sababu wenzake walimcheka: "Unaogopa kelele kama mtoto?" Masikio yalipoanza kuvuma jioni, alidhani ni uchovu. Daktari alimwambia usikivu uliopotea haurudi, ila azibe masikio asipoteze uliobaki. Sasa alikuwa akiziba kazini, lakini salamu za nyuma yake hakuzisikia tena, na majirani wengi walikuwa wameacha kumsalimia.

Jumapili baada ya ibada aliniambia, "Shemeji, waambie wasimame mbele yangu wakinisalimia, nione midomo yao."