Kumtoa Wilson Kazini

Hleziphi Mthembu alikuwa na mdomo, na hakuwahi kulikana hilo. Mji mzima wa Mooidrift ulijua kwamba ukimruka kwenye foleni ya zahanati utayasikia yako na ya waliokuzaa. Walimu wa shule ya msingi walinunua maandazi yake mbio mbio getini, wakaondoka kabla hajawauliza kwa nini watoto wa siku hizi hawajui kusalimia. Kwa hiyo ndugu walipokaa wakaamua kwamba ndiye atakayekwenda na tawi kumchukua kaka yake, wapo waliocheka chini chini. Kazi ile inataka mtu anayeweza kunyamaza.

Mtu akifia mbali na kwao, mwili utaletwa na kuzikwa vizuri, lakini mwenyewe hubaki pale alipokata roho mpaka mtu wa damu yake aende na tawi la mlahlankosi, ule mti ambao miiba yake huota miwili miwili, mmoja umenyooka, mwenzake umepinda. Unasimama mahali pale, unamwita kwa jina na kwa sifa ya ukoo, naye anashika tawi. Njia nzima unaongea naye peke yake. Unamwambia sasa tunapanda gari, sasa tunavuka mto. Mtu aliye hai akikusemesha humjibu, hata akiwa polisi wa barabarani. Ukimjibu tu, uliyekuwa naye anaachia.

Kaka yake aliitwa Bhekokwakhe, na alihudumu mezani katika hoteli ya Mooidrift kwa miaka thelathini na minane. Hotelini aliitwa Wilson, kwa sababu mwenye hoteli wa kwanza alidai jina lake linauma ulimi. Hoteli ilibadilisha wenyewe mara nne, na kila aliyekuja alikabidhiwa funguo pamoja na Wilson. Mchana mmoja wa Agosti alianguka kati ya meza ya nne na dirisha, koti jeupe la kazi mwilini, sinia mkononi, na daktari alipofika alikuta supu imepoa sakafuni na mtu amekwisha kwenda.

Hleziphi naye aliwahi kufua mashuka ya hoteli hiyo miaka kumi na tisa. Si yeye si kaka yake aliyewahi kupita mlango wa mbele. Zamani palikuwa na kibao kilichosema ni akina nani wanaoruhusiwa kuupita. Kibao kiling'olewa, sheria ikafutwa, bendera ikabadilishwa, na watu weusi wenye magari yao wakaanza kuja kula Jumapili na kupita mbele bila kuulizwa. Lakini wafanyakazi waliendelea kuzunguka nyuma, wakipita jikoni, na ukiwauliza walisema njia ile ni fupi. Uongo mtupu. Ni ndefu, na wakati wa mvua ina matope.

Safari ya kwanza alikwenda Jumanne asubuhi. Meneja, Carina Vosloo, binti wa Kikaburu wa miaka ishirini na tisa, alimpa pole kwa Kizulu safi, akasema Wilson alikuwa kama mmoja wa familia. Hleziphi akasimama kati ya meza ya nne na dirisha, akaita. Mwanzo hapakuwa na kitu. Kisha tawi likashuka kidogo mkononi mwake, uzito kama wa kuku aliyetua. Akageuka, akaanza kumwongoza kaka yake kuelekea mlango uliokuwa karibu, ambao ndio huo wa mbele.

Meneja akamwahi. Nje basi la watalii lilikuwa limesimama, watu wanashuka.

"Samahani, mama," akasema kwa upole. "Wageni wanaingia. Si upite tu jikoni? Ndiyo njia yenu ya siku zote."

"Ndiyo, madam," Hleziphi akasema. "Samahani, madam."

Maneno yalitoka yenyewe. Miaka kumi na tisa ya mashuka ilimfundisha mdomo wake kazi hiyo, na mdomo ukaifanya kabla mwenyewe hajafikiri. Bibi mzima, kwa mtoto ambaye angeweza kuwa mjukuu wake! Tawi likawa jepesi papo hapo. Akatoka kupitia jikoni na kijiti kitupu, akapanda pikapu ya jirani yake Zondo. Njia nzima aliongea na kiti kilichoachwa wazi, maana Zondo alikuwa anasikiliza, naye aliona aibu kukiri kwamba amemwacha kaka yake.

Nyumbani tawi lilipelekwa kwa mbuzi aliyetengwa. Mbuzi hula majani ya tawi, na akiyala mnajua mgeni amefika. Mbuzi huyu alinusa, akarudi nyuma hadi kamba ikakazika, akageuka na kukodolea macho barabara ya kwenda mjini. Walimnyima maji, wakampakia majani chumvi, wapi. Mjomba mmoja akasema labda ameshiba. Hleziphi, mwenye mdomo wake, hakusema lolote.

Siku ya tisa baada ya safari ile akapigiwa simu na Anti Saro.

Saroja Naicker alikuwa mpishi wa hoteli, Mhindi wa Kitamil, mjane kama Hleziphi. Babu zake waliletwa Natal kukata miwa. Yeye na Bhekokwakhe walikula pamoja kwenye ngazi za nyuma miaka zaidi ya thelathini: Saro analeta mchuzi wa maharage uliochoma koo, Bhekokwakhe analeta magimbi ya kuchemsha kutoka kwa dada yake. Walitaniana kila siku ya Mungu. Saro alimwambia Wazulu hawajui pilipili, naye alimjibu kwamba Wahindi wanaweka pilipili ili mtu asigundue nyama imekwisha. Watoto wa Saro walijifunza kwake kuwaita ng'ombe kwa rangi zao, na hakuna harusi ya Kitamil mjini hapo ambayo Bhekokwakhe hakuketi mstari wa mbele. Wenyewe hawakuona ajabu yoyote. Waliokuwa wakiona ajabu ni wale waliokula ukumbini.

"Dada Hlezi," Saro akasema kwenye simu, sauti ameishusha. "Kaka yako bado yuko kazini."

Akaeleza. Kila asubuhi akifungua jiko na kuchungulia ukumbini, anakuta meza zote tupu, viti vimepinduliwa juu kama vilivyoachwa usiku, isipokuwa ya nne. Ya nne imetandikwa. Uma, visu, glasi, na kitambaa kimekunjwa taji la ncha tatu, mkunjo ambao hoteli nzima hakuna mwingine aliyeuweza. Mchana mlango wa jikoni unajisukuma na kurudi, mtu hamna. Meneja alifikiri ni mzaha wa wafanyakazi akawafokea. Halafu juzi mzee mmoja wa Kizungu, mteja wa miaka yote ambaye macho yake yamefifia, aliuliza wakati wa kulipa kwa nini Wilson siku hizi anamletea supu bila kumsalimia.

Hleziphi alikaa chini sakafuni, simu sikioni.

"Kwetu tunawatengea chakula, siku ya kumi na sita tunawaaga," Saro akasema. "Nimemtengea. Hagusi. Yuko bize na wateja. Wewe ulimfanya nini?"

Hapo ndipo alipoisema ile "ndiyo, madam" kwa mara ya kwanza, kwa mtu ambaye hakuhitaji kuelezwa maana yake. Saro akasema arudi Jumapili mchana, ukumbi ukiwa umejaa, kwa sababu muda huo ndio Bheko anapatikana kwa hakika. Na aingie mbele.

Wiki hiyo Hleziphi hakuuza maandazi. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilimtia hasira, maana hakumwogopa kaka yake. Aliuogopa mdomo wake. Kaka yake aliwahudumia watu wale akiwa hai mpaka magoti yakavimba. Kama angeshindwa tena, angewahudumia hadi hoteli iporomoke, bila likizo, kwa jina ambalo si lake. Akakata tawi jipya na kufanya mazoezi barabarani. Watu walimsalimia, akapita kimya, wakajua dunia imefika mwisho.

Jumapili alivaa blanketi yake nzuri akapanda ngazi za mbele. Miguu ilitaka kukata kushoto, kuzunguka, akailazimisha. Ndani palikuwa na kelele za visu na sahani. Kelele zikapungua meza baada ya meza kadiri alivyopita. Bwana mmoja mnene akauliza kwa sauti ni nani aliyemruhusu mchawi huyu kuingia na kichaka chake mahali watu wanakula. Wapo waliocheka. Kwenye meza ya pembeni familia moja ya Kizulu, baba na tai yake, walitazama sahani zao. Hleziphi alikuwa na jibu la kumtosha yule bwana, pamoja na wanawe na wajukuu, lilikuwa tayari limefika kwenye meno. Akalimeza.

Carina Vosloo akaja mbio. "Mama, hapana. Tulielewana unapita nyuma. Mama? Mama, naongea na wewe."

Hleziphi akatazama meza ya nne. Haikuwa na mteja, hata hivyo kiti kilikuwa kimevutwa kidogo, kama mhudumu anavyomvutia mtu anayetaka kuketi. Bakuli la supu lilikuwa linatoa mvuke. Jikoni hapakuwa na supu siku hiyo.

"Bhekokwakhe," akaita, kisha kwa sifa ya ukoo wao: "Mvelase. Ni mimi, Hleziphi. Weka sinia chini, kaka. Zamu imekwisha."

Mvuke ukakatika. Tawi likashuka, safari hii kwa nguvu, hadi akalishika kwa mikono miwili. Akamwambia tunapita kati ya meza, kaka, tunapita karibu na huyu bwana mnene. Bwana mnene akavuta kiti chake nyuma, rangi imemtoka usoni, ingawa hakuna aliyemgusa.

Kwenye mlango wa mbele tawi likakwama.

Hapakuwa na kitu kilicholizuia. Mlango ulikuwa wazi upande mmoja, jua linaingia, na tawi limesimama hewani mbele ya kizingiti kama limegota ukutani. Hleziphi akavuta, miiba ikamchana kiganja. Kisha akahisi linarudi nyuma polepole, kuelekea jikoni, na akaelewa. Aliyezuia hakuwa meneja. Kaka yake hataki. Anaogopa. Amekufa na bado anaogopa kuonekana kwenye mlango ule.

"Kaka, ni mlango tu," akamwambia, na machozi yakaanza. "Mbao na bawaba. Nimeupita mimi, mfua mashuka. Hakuna aliyenipiga. Usinirudishe kule nyuma, Mvelase, nakuomba."

Tawi likazidi kurudi. Hatua moja, ya pili. Damu ilikuwa inamtiririka kwenye kifundo cha mkono.

Mlango wa jikoni ukasukumwa, na safari hii alikuwa mtu. Anti Saro alitoka na aproni yake yenye madoa ya binzari, sahani mkononi, kafuri inawaka juu yake. Alikatiza ukumbi mzima. Carina akamwita mara mbili, akamwambia arudi kazini, Saro akapita kana kwamba yeye ndiye aliyebeba tawi. Akaweka moto wa kafuri kwenye kizingiti, kama wanavyofanya kwao. Akafungua komeo la upande wa pili wa mlango, ambao haukuwa umefunguliwa tangu hoteli iuzwe mara ya mwisho, akausukuma kwa bega hadi ukalia na kufunguka wote.

"Bheko," akasema, kwa jina lake. "Mimi nami sijawahi kupita hapa. Natangulia. Kama kuna cha kutupata, kitanipata mimi kwanza."

Akatoka, na kandambili zake za jikoni.

Moto wa kafuri ukalala, kama mtu ameuruka, ukasimama tena. Tawi likamvuta Hleziphi mbele kwa nguvu hadi akajikwaa, akajikuta nje, juu ya ngazi, juani. Nyuma yake, ukumbini, mtoto mmoja wa ile familia ya Kizulu akauliza kwa sauti, "Baba, yule mzee aliyevaa koti jeupe ni nani?" Baba yake akainuka. Akasimama wima mezani mbele ya watu wote, mikono imefumbatwa mbele, hadi walipomaliza kupita.

Hleziphi akashuka ngazi akiongea. Hii ya kwanza, kaka, hii ya pili. Zondo alikuwa ameshafungua mlango wa pikapu. Saro alibaki amesimama pale juu. Huenda kazi alikuwa amekwisha kuipoteza. Alikuwa na miaka sitini na sita.

"Dada Hlezi," akasema. "Na mimi siku yangu ikifika, mnitoe kwa mlango huu. Utaniahidi?"

Hleziphi akageuka. Katika maisha yake yote hakuna mtu ambaye alitaka kumjibu zaidi kuliko huyu. Akabana meno mpaka taya likamuuma. Kisha akaliinamia tawi, akasema kwa sauti kubwa, ili hata wa ndani wasikie:

"Mvelase, umemsikia rafiki yako. Nisaidie kukumbuka. Nitakuja mwenyewe, na tutampitisha hapa hapa. Sasa twende, kaka, tunapanda gari."